Sufuri na Hesabu: Namba Tatu za Jinja na Mbale

Bwawa la Owen Falls (leo Nalubaale) lilizinduliwa Jinja mwaka 1954. Ujazo wake hutajwa kuwa mita za ujazo 204,800,000,000. Kihisabati, namba hiyo ina vigawo tasa viwili tu: 2 kwa kipeo cha 19, mara 5 kwa kipeo cha 8. Unadhifu huo ni tunda la makadirio. Ziwa Viktoria lina eneo la takribani kilomita za mraba 68,800. Kwa hiyo namba hiyo ni sawa na tabaka la maji la mita 3 hivi juu ya ziwa, wala si maji yote ya ziwa.

Sensa ya mwaka 2002 ilitoa namba za aina nyingine. Mji wa Jinja ulikuwa na watu 71,213, yaani 17 × 59 × 71. Mbale 71,130, yaani 2 × 3 × 5 × 2,371. Tofauti ni watu 83 tu. Sufuri ya Mbale ilitokana na kuhesabu mtu kwa mtu. Sufuri nane za bwawa zinashika nafasi za tarakimu zisizopimwa. Anayegawa maji au fedha hana budi kujua kwanza namba ilipatikanaje.