Kamera ya filamu 120

Kamera ya filamu 120 ni kamera ya picha mnato inayotumia mkanda wa filamu wenye upana wa sentimita 6 hivi, uliofungwa pamoja na karatasi nyeusi ya mgongo. Mkanda huu ulianzishwa na kampuni ya Kodak ya Marekani mwaka 1901 na bado unatengenezwa. Negativu yake ya mraba hupimwa milimita 56 kwa 56, eneo linalozidi mara tatu na nusu lile la filamu ya kawaida ya milimita 35. Kwa sababu hiyo picha inaweza kukuzwa sana bila kupoteza nakshi ndogondogo.

Aina inayojulikana zaidi ni ya lenzi mbili: ya juu ni ya kutazamia, ya chini ndiyo inayopiga picha. Rolleiflex ya Ujerumani ilitolewa mwaka 1929. Baadaye zilifuata Yashica-Mat ya Japani, Lubitel ya Urusi ya Kisovyeti na Seagull ya China. Makala hii inahusu hasa namna ya kuanza kutumia kamera hizo katika mazingira ya Unguja, ambako adui mkubwa wa kamera ni unyevu kuliko umri.

Upigaji picha Zanzibar

Mwishoni mwa karne ya 19 Mji Mkongwe ulikuwa tayari na studio za A. C. Gomes na za ndugu Coutinho, wapiga picha wenye asili ya Goa. Wao walitumia sahani za kioo. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, ambayo baadaye iliendelezwa na mwanawe Rohit Oza katika barabara ya Kenyatta, Shangani. Picha zake nyeusi na nyeupe za watu na mitaa zimekuwa kumbukumbu ya mji.

Thamani ya negativu nzuri ilionekana wazi Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash. Baada ya ukuta kuanguka, sura yake ya awali hubaki kwenye michoro na picha, na hapo ukubwa wa negativu ndio huamua kama nakshi za mlango au chuma cha roshani zinasomeka au la.

Kamera iliyokutwa nyumbani

Kamera nyingi za aina hii hukutwa kabatini au ndani ya sanduku la marehemu mzee. Jambo la kwanza ni kutofungua mgongo wake. Huenda ndani mna mkanda uliokwisha kupigwa lakini haukusafishwa, na mwanga wa sekunde chache unatosha kufuta sura za watu ambao hawawezi kupigwa tena. Zungusha kitasa cha mkanda taratibu. Ukisikia uzito wa karatasi ikivutwa, endelea kuzungusha mpaka uzito uishe, kisha fungua mahali penye giza. Kitasa kikigoma kisilazimishwe. Kamera nyingi zilizodumu miaka hamsini zimevunjwa kwa dakika moja na kijana mwenye nguvu.

Ikiwa ni tupu, mulika tochi kupitia lenzi. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu. Kuvu changa husafishwa na fundi, lakini iliyokaa sana hula ngozi ya kioo chenyewe na alama haitoki. Halafu sikiliza shata. Kwenye kasi ya sekunde 1 inapaswa kulia taratibu na kufunga. Ikibaki wazi, mafuta ya ndani yamekauka. Kasi kubwa huenda bado ni nzima, hivyo kamera inaweza kutumika juani wakati fundi akitafutwa. Katika shata nyingi za zamani kasi ya 1/500 huchaguliwa kabla ya kukamata shata, si baada yake. Kitufe cha kujipiga picha mwenyewe ni bora kiachwe kabisa, kwani ndicho kinachokwama mara nyingi.

Soma pia maandishi yaliyo ndani ya mgongo. Yakisema 620, mkanda wake ni uleule wa 120 lakini ulizungushwa kwenye spuli nyembamba zaidi (spuli ni kijiti chenye visahani viwili vya kuzungushia mkanda). Filamu 620 iliacha kutengenezwa mwaka 1995. Anayeanza hafai kuhangaika nayo.

Kuweka mkanda

Mkanda huwekwa kivulini. Spuli tupu hukaa upande wa kuvuta, mkanda mpya upande wa pili, na ncha ya karatasi hupenyezwa kwenye ufa wa spuli tupu. Kaza karatasi kwa kidole ili mkanda usilegee. Katika Yashica-Mat na nyingi za jamii yake, mshale uliochapwa kwenye karatasi hulinganishwa na alama zilizo pembeni. Kisha mgongo hufungwa na kitasa huzungushwa mpaka namba 1. Kamera za bei nafuu zina kidirisha chekundu mgongoni ambamo namba husomwa moja kwa moja. Kidirisha hicho kizibwe baada ya kusoma, hasa kwa jua la huku.

Negativu za mraba huwa 12 kwa mkanda. Baada ya ya mwisho, karatasi yote huvutwa hadi mwisho, hukunjwa na kubandikwa kwa gundi yake. Spuli iliyobaki tupu isitupwe: ndiyo itakayopokea mkanda unaofuata.

Kupima mwanga

Kamera nyingi za zamani hazina kipima mwanga, au kilichopo kimekufa. Kanuni ya wapiga picha ni hii: juani, weka tundu la lenzi kwenye f/16 na kasi ya shata ikaribie namba ya wepesi wa filamu. Kwa filamu ya ISO 100 kasi ni 1/125. Kwenye mchanga mweupe wa Paje au Nungwi tundu hupunguzwa hadi f/22. Kukiwa na wingu zito hufunguliwa hadi f/8.

Vichochoro vya Mji Mkongwe ni habari nyingine. Kuta ni ndefu, njia ni nyembamba, na hatua tatu tu kutoka uwanjani mwanga hushuka sana. Kwa ISO 100 anza na f/4 na 1/60, na mara nyingi hata hiyo haitoshi. Filamu ya ISO 400 inafaa zaidi. Saa sita mchana jua huwa karibu utosini na uso chini ya kofia huwa giza tupu. Wakati mzuri ni asubuhi, au alasiri watu wanapokaa barazani.

Picha kwenye kioo cha kutazamia hugeuzwa kushoto kulia, jambo linalomchanganya kila mwanafunzi kwa mkanda wa kwanza. Aidha, kwa kuwa lenzi ya kutazamia iko juu, anayepigwa karibu sana huweza kukatwa utosi. Mpiga picha huinama kutazama kamera iliyo tumboni, hivyo watu wanaweza wasitambue kwamba wanapigwa. Hiyo si ruhusa. Salamu na kuomba idhini hutangulia, hasa kwa wanawake na wazee.

Kusafisha na kuhifadhi

Maji ya dawa ya kusafishia filamu nyeusi na nyeupe huhitajika yawe nyuzi 20 za Selsiasi, ilhali maji ya bomba Unguja mara nyingi huzidi 25. Chombo cha dawa huwekwa ndani ya beseni la maji yenye barafu, na kipimajoto hutazamwa kabla ya kuanza, si katikati.

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, kamera isikae ndani ya mkoba wake wa ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu na kulisha kuvu. Chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana na vipakiti vya silika, kama vile vya ndani ya maboksi ya viatu, hutosha, ilimradi vipakiti vibadilishwe. Mchele unaopendekezwa na wengi huacha vumbi. Negativu nazo huwekwa kwenye bahasha za karatasi, kila moja ikiandikwa tarehe, mtaa na majina ya waliomo, kwa penseli.