Mandibuzz wa Pokémon: ndege halisi aliyebebeshwa msala usio wake

Kama umewahi kucheza Pokémon Black au White, zile zilizotoka Japani Septemba 2010, Mandibuzz unamjua. Ni yule tumbusi mkubwa (mtaani wengi husema tai tu) mwenye mfupa kichwani kama kibanio cha nywele, na mingine kiunoni kama sketi. Wote ni majike, dume hakuna hata mmoja. Na kumpata si kazi ndogo: mtoto wake, Vullaby, yule anayetembea amevaa fuvu kama nepi, habadiliki mpaka afike levo ya 54. Wengi wanakata tamaa njiani.

Sasa cheki sifa alizopewa ndani ya gemu. Anazunguka angani akitafuta aliyedhoofika, anamshukia, anambeba kwa makucha mpaka kwenye kiota cha mifupa. Halafu akawekwa kwenye aina ambayo kwa Kijapani inaitwa "aku", yaani uovu. Kwa mchezaji hiyo ni stori ya gemu tu. Ila stori kama hiyohiyo, ikisimuliwa kuhusu ndege wa kweli, nusura immalize.

Mwenye ile tabia ya mifupa ni tumbusi mwenye ndevu. Akikunjua mabawa anafika mita 2.5 hivi, na chini ya mdomo ana manyoya meusi yanayoning'inia kama ndevu za mzee. Upara wa tumbusi wengine yeye hana. Wenzake wakishamaliza nyama na kuondoka, ndiyo anafika, maana chakula chake hasa ni mifupa. Midogo anaimeza mizima. Mikubwa anapaa nayo juu kabisa, anaiachia idondokee kwenye mwamba, anashuka kuokota vipande. Isipopasuka anarudia tena na tena. Tumboni ana asidi kali ya kuyeyusha mfupa ndani ya siku moja hivi. Noma!

Na kwenye urembo, gemu haikumsingizia. Manyoya yake ya kifuani kiasili ni meupe, ila huwa anaoga kwenye tope lenye madini ya chuma mpaka anageuka rangi ya kutu. Wanaofugwa bila tope hilo hubaki weupe. Wapo wanasayansi wanaoona huko ni kuonyesha ubabe: aliyekolea rangi ndiye bosi.

Msala wenyewe ulianzia Ulaya, kwenye milima ya Alps. Kwa Kijerumani aliitwa Lämmergeier, yaani tumbusi wa wanakondoo. Mfugaji akimkuta juu ya mzoga wa mwanakondoo alijua huyu ndiye muuaji, na maneno yakakua mpaka ikasemwa anabeba watoto wa watu. Ndege wa kilo 5 mpaka 7, abebe mtoto wa mtu! Lakini nani aliuliza? Ikatolewa zawadi ya fedha kwa kila atakayeuawa, bunduki na sumu vikaingia kazini. Mwaka 1913, kwenye bonde la Aosta huko Italia, akapigwa risasi ndege anayehesabiwa kuwa wa mwisho wa Alps. Wahispania wao walimwita quebrantahuesos, mvunja mifupa, jina la mtu aliyekaa akamwangalia anavyokula. Milima ya Pyrenees hakuisha, ingawa huko nako alipungua sana.

Kumrudisha kulihitaji subira. Jike kwa kawaida hutaga mayai mawili, na kifaranga mkubwa humuua mdogo hapohapo kiotoni. Wataalamu waliokuwa wakiwafuga wakawa wanamwokoa yule wa pili. Vifaranga wakikaribia kuruka walipelekwa kwenye pango la mwambani na kuletewa mifupa na watu wasiojionyesha, wasije wakazoea binadamu. Wa kwanza waliachiwa Rauris, Austria, mwaka 1986. Kwa kuwa ndege huyu huanza kuzaa akiwa na takriban miaka 8, ilibidi watu wasubiri mpaka 1997, ndipo kifaranga aliyeanguliwa porini akaruka huko Haute-Savoie, Ufaransa. Miaka 84 tangu ile risasi.

Afrika Mashariki naye yupo, juu milimani. Ethiopia bado anaonekana akizunguka karibu na makazi ya watu kutafuta mifupa iliyotupwa. Kenya na Tanzania wamebaki wachache mno. Huku hakuna anayemtuhumu kuiba watoto. Simba au fisi akila ng'ombe wa watu, mwenye mali anaweka sumu kwenye mzoga amkomeshe akirudi. Tumbusi wa kila aina wanaona mzoga kutoka juu, wanashuka. Mwenye ndevu anakuja mwisho, kama kawaida yake, kuchukua mifupa ya mzoga uleule.