Unajua "Mtoro" Alikuwa Nani? Stori ya Kanisa Dogo la Ribe na Watu Wasiotajwa

Leo ukiitwa mtoro, basi umekwepa darasa na mwalimu anakutafuta. Lakini hapa Pwani, miaka 150 iliyopita, mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Huyo akikamatwa, yake yalikuwa makubwa kuliko viboko viwili vya mwalimu.

Sasa twende Ribe, Kilifi, bara kidogo ya Mombasa. Mwaka 1862 walifika pale Wamethodisti kutoka Uingereza, tawi dogo lililoundwa 1857 na watu waliojitenga na wakubwa wao. Waliongozwa na mkongwe Ludwig Krapf, na kati yao alikuwa kijana Thomas Wakefield. Krapf hakukaa, afya ilimgomea. Wengine nao wakaondoka, Wakefield akabaki peke yake hadi Charles New alipofika 1863.

Kumbe hata Ribe yenyewe haikuwa lengo! Shabaha yao ilikuwa Waoromo wa kaskazini. Ribe ilikuwa kituo cha kupitia tu. Na Waribe hawakuwa na haraka ya kuingia kanisani, maana walikuwa na kaya yao, wazee wao na maombi yao. Kwa hiyo una kanisa, una kengele, lakini watu wachache.

Ndipo wakaja watoro.

Mashamba ya nafaka na minazi yalikuwa yakipanuka Pwani, na kazi yote ilibebwa na watumwa. Mkataba wa 1873 ulifunga soko la watumwa la Zanzibar na kupiga marufuku kuwasafirisha baharini, lakini aliyekuwa tayari shambani alibaki mali ya mtu. Basi usiku mmoja mtu anaamua. Anaacha kila kitu, anapenya msituni, anaelekea kule alikosikia kuna wazungu wa kanisa.

Akifika anapata nini? Mahali pa kulima. Kibanda. Mke au mume ambaye hakuna bwana atakayemuuza kesho. Watoto wanafundishwa kusoma. Akibatizwa, anapewa jina jipya, na lile la mama yake mara nyingi linabaki nyuma. Ndivyo kijiji kilivyokua kuzunguka kanisa.

Lakini tusiwape wamisionari sifa zote. Utumwa ulikuwa halali kwa sheria ya Sultani, na balozi wa Uingereza kule Zanzibar hakutaka misheni ziwafiche watoro. Kila aliyepokelewa aliongeza hatari: mabwana wangeweza kuja na bunduki. Na walio hatarini zaidi hawakuwa wazungu, bali wale ambao wangerudishwa shambani kwa kamba.

Mambo yalifika kileleni 1888. Kampuni ya Waingereza iliyokuja kutawala Pwani ilikuta mabwana wamechemka, wanadai watu wao walioko kwenye misheni, Ribe ikiwemo. Mkuu wake, George Mackenzie, akakubali kulipa fidia. Tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikatolewa kule Rabai. Waliokombolewa kwa mpango huo walizidi 1,400. Angalia vizuri pesa zilikwenda kwa nani. Kwa mabwana! Aliyelima bure miaka yote alipata karatasi. Na utumwa wenyewe ukaendelea kuwa halali Pwani ya Kenya hadi 1907.

Wakefield na New wako vitabuni, na New anakumbukwa kwa kufika kwenye theluji ya Kilimanjaro 1871. Mama aliyetembea usiku kucha na mtoto mgongoni hadi Ribe hatumjui jina. Ila bila yeye na wenzake, pale pangekuwa na kanisa bila kijiji.

Je, kwenu kuna mzee anayejua ukoo wenu ulifikaje hapo mlipo? Muulize mapema, kisha tupia stori yake hapa chini.