Bima ya Boti Kuukuu: Ilikotoka na Tulivyoichagua

Mimi naandika historia ya jambo lililotugawa kuliko yote katika miaka hii 10, nalo ni bima ya boti. Wengi huuliza: Pugu ni vilimani, boti inatuhusu nini? Jibu ni kwamba samaki tunaowakaanga hapa tunawafuata Feri. Wenzetu watatu wa biashara hiyo waliomba mkopo wanunue boti ya faiba yenye mashine, lakini iliyokwisha kutumika miaka mingi. Hapo ndipo akiba ya kila mmoja wetu ilipoingia baharini.

Kwanza tujue bima imetoka wapi. Neno lenyewe limevuka Bahari ya Hindi, na Wahindi nao husema bima. Kule London, miaka ya 1680, wenye meli na wafanyabiashara walikuwa wakikutana katika mgahawa wa kahawa wa Edward Lloyd. Matajiri waliokubali kubeba hasara ya safari waliandika majina yao chini ya karatasi, kila mtu na sehemu yake. Chombo kikifika salama, ada ni yao. Kikizama, wanalipa. Ukitazama vizuri, hauko mbali na mfuko wetu wa jamii: wengi wanachanga, aliyepatwa anapewa.

Hapa kwetu, wakati wa ukoloni bima ilikuwa mikononi mwa makampuni ya kigeni. Shirika la Bima la Taifa, yaani NIC, lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 likaachiwa kazi hiyo peke yake Tanzania Bara. Zanzibar nao walianzisha shirika lao mwaka 1969. Siku zile hakuna kuchagua, unakwenda NIC basi. Sheria ya 1996 ndiyo iliyofungua mlango kwa makampuni binafsi, na sheria ya 2009 ikaleta TIRA, mamlaka ya kusimamia bima. Mama zetu hawakuwa na nafasi ya kuchagua. Sisi tunayo, ila kuchagua kunataka kusoma.

Mwaka huohuo wa 1996, tarehe 21 Mei, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Tarehe 10 Septemba 2011 ikazama MV Spice Islander, ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilijengwa mwaka 1967, kwa hiyo ilikuwa na miaka 44. Lakini MV Bukoba ilikuwa na miaka 17 tu. Zote mbili zilijaza kupita kiasi. Basi tusiseme umri peke yake ndio unaozamisha. Umri unataka uangalizi, na bima hairudishi roho ya mtu.

Tulipozunguka kuuliza, ofisi ya kwanza ilikataa boti kuukuu bila hata kuiona. Ya pili ilikuwa na bei nafuu, wenzetu wakafurahi. Katibu akasoma karatasi taratibu: wanalipa boti ikipotea yote tu. Mashine ikiibwa, huna chako. Ya tatu ilikuwa ghali, ikataka fundi aikague boti kwanza, lakini ilibeba mashine, wizi, na madhara tutakayowafanyia wengine. Mkutano ulichukua siku mbili, na maneno yalikuwa makali. Tukachagua ya tatu, tena kwa sharti kwamba mkopo hautoki mpaka bima ikatwe.

Tuliyojifunza ni haya. Ulizeni thamani: mtalipwa ile mliyokubaliana mapema, au bei ya sokoni siku ya hasara? Kwa chombo cha zamani tofauti ni kubwa. Msipunguze thamani ili mlipe kidogo. Boti ya milioni 10 ukiikatia bima ya milioni 5, hasara ya milioni 4 huenda ukalipwa milioni 2 tu. Ulizeni sehemu ya hasara mtakayobeba wenyewe. Na jueni kuwa uchakavu na kuoza havilipwi. Ukipeleka baharini chombo kibovu huku unajua, kampuni ina haki ya kukataa.

Wapo wanaonung'unika kila mwaka ada ikilipwa, kwamba tunatupa fedha kwa kuwa boti haijazama. Nawaelewa, maana ada ile ni mtaji wa mtu. Lakini jamani, akiba ile ina fedha ya wajane na ya ada za shule. Siku boti ikipotea bila bima, wenye mkopo ni watatu, watakaolia ni sisi sote.

Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilichojaa kinataka kifuniko. Mungu atujalie miaka mingine 10.

Mwenyekiti