Mabakuli ya Kunduchi

Ndugu zangu, mliohitimu na mlioko madarasani, wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Katika Wilaya ya Kinondoni, kaskazini ya Dar es Salaam, yapo magofu ya Kunduchi: msikiti wa mawe wa karne ya 15 na makaburi yenye nguzo, mengi yakiwa ya karne ya 18. Nguzo hizo zilipambwa kwa mabakuli ya Kichina yaliyoletwa na biashara ya baharini. Leo utaona vishimo vitupu. Baadhi ya mabakuli yamehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa. Mengine yaling'olewa yakapotea.

Hasara yake ni nini? Mitindo ya vyombo vya Kichina inajulikana nyakati zake. Bakuli likiwa kaburini, humsaidia mtafiti kukadiria umri wa kaburi na kuieleza biashara ya pwani. Likiwa sebuleni kwa mtu, ni pambo tu.

Ndivyo ilivyo hata kwa fuvu la Zinjanthropus, alilolivumbua Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959. Umri wake, miaka ipatayo 1,750,000, ulijulikana kwa kupima majivu ya volkeno ya mahali lilipolala. Lingeokotwa na kuhamishwa kimyakimya, nani angeujua?

Basi wewe mwanafunzi, ukiona kigae au mfupa wa kale, Kunduchi au kwingineko, usiuondoe. Andika mahali ulipo, kisha uwaarifu watu wa Makumbusho. Hilo ndilo daftari letu.