Polisi, Jeshi na Boma: Songwe Baada ya Mjerumani

Ng'ambo tu ya Tunduma, mji wa mpakani wa Songwe, jirani na Nakonde ya leo, Waingereza walikuwa na boma waliloliita Fife. Mwishoni mwa Mei 1916, katika Vita Kuu vya Kwanza, Jenerali Mwingereza Edward Northey alivusha majeshi yake mpaka kwa njia nne: Karonga, Fort Hill ambayo sasa ni Chitipa, Fife, na Abercorn, yaani Mbala. Haikuchukua siku nyingi Neu Langenburg, Tukuyu ya sasa, ikaanguka. Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Iringa.

Kuteka nchi ni kazi ya jenerali. Lakini mwizi wa ng'ombe akikamatwa kesho yake, anapelekwa kwa nani? Northey alimpa jukumu hilo Hector Duff, ofisa wa serikali ya Nyasaland, awaongoze maofisa wa siasa. Duff alikuwa raia, ila aliyemwamuru alikuwa mwanajeshi. Kaskazini mtawala Mwingereza Horace Byatt alikwisha kuanza utawala wa kiraia mwaka 1917, huku kusini-magharibi neno la mwisho likiwa bado la jeshi.

Mnyiha au Mnyamwanga wa kawaida wa Songwe asingeona tofauti kubwa kati ya polisi na jeshi. Northern Rhodesia Police, iliyoundwa 1911, ilikuwa polisi kwa jina, lakini ndiyo iliyopigana Saisi mwaka 1915 na kuvuka mpaka na Northey. Na enzi ya Mjerumani boma lilikuwa mahakama, kituo cha askari na jela kwa pamoja: akida, wakala wa serikali, anamleta mtu, Bwana Shauri, yaani ofisa wa wilaya, anahukumu, kisha ni mnyororo au "hamsa ishirini", viboko 25.

Wafungwa wa vita nao walikuwa wa aina nyingi. Wamisionari Wajerumani wa Moravian, waliokuwa na vituo Rungwe na Mbozi, walikamatwa, na makanisa yao yakaangaliwa na Waskoti wa misheni ya Livingstonia. Novemba 1918 kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alipita Fife akielekea Kasama, na tarehe 25 akasalimu amri Abercorn akiwa na Wajerumani 155 na askari Waafrika 1,168. Wajerumani walirudishwa kwao kupitia Dar es Salaam. Askari walipelekwa kambini Tabora, ambako homa kali ya mafua iliyokuwa ikizunguka dunia iliwaua wengi. Vita vilikuwa vimekwisha, nao bado wamefungiwa na jeshi, katika nchi yao wenyewe.

Jeshi la polisi la Tanganyika lilianzishwa 25 Agosti 1919, makao yake Lushoto, chini ya Meja S. T. Davis. Julai 1920 amri ya mfalme ikamfanya Byatt kuwa gavana na kuweka Mahakama Kuu. Hapo ndipo, kwa karatasi, raia alipompokonya mwanajeshi madaraka ya kukamata na kuhukumu.

Kwa karatasi, nasema, maana wilayani hali ilibaki ileile kwa miaka mingi. Ofisa wa wilaya alikusanya kodi, akakaa kitini kama hakimu, na waliohukumiwa wakafungwa hapohapo bomani. Sioni kwamba utawala wa kiraia uligawa madaraka. Ulimvua tu mwenye madaraka sare ya kijeshi. Hata magereza yaliendelea kuwa chini ya polisi, mpaka 25 Agosti 1931, yalipopewa idara yake.