Nyandarua na Njia Zake

Msafiri atokaye Nyeri asubuhi kwa gari lake mwenyewe, pasina kiongozi wala dereva wa kukodi, akishika njia iendayo magharibi, hupita kwanza katikati ya vishamba vya chai vilivyolalia miinamo ya vilima, kisha hufika lango la Kiandongoro au lile la Ruhuruini, akalipa ada yake, na mara huona kuwa ameingia katika himaya nyingine, ambamo mwendo hautawaliwi tena na pupa ya dereva, ila na tope, na mawe, na ndovu aliyependa kusimama katikati ya njia. Msitu mnene humpokea, kisha mianzi iliyosongamana hata mchana ukafanana na magharibi. Na akishapanda kupita mita 3,000 miti humwacha, akatokea kwenye nyika ya juu yenye nyasi za mafungu na mimea ya ajabu iliyoshinda kimo cha mtu, ambako baridi ni kali na ukungu huja bila kubisha hodi. Hapo ndipo yalipo maporomoko ya Karuru, yaangukayo mita 273 kwa ngazi tatu, na ng'ambo ya bonde yale ya Gura, ambayo mtu huyaona kwa mbali tu. Mwisho njia huteremka hadi lango la Mutubio, na chini yake hudhihiri uwanda wa Kinangop na, siku ya hewa safi, ziwa Naivasha.

Safari hiyo yote huweza kumalizika kwa siku moja, na wengi huimaliza wakarudi na picha nyingi. Sina kinyongo na picha. Lakini milima hiyo, ambayo ramani huiita Aberdare na wenyeji huiita Nyandarua, ina taarikhi iliyoandikwa juu ya ardhi yenyewe, kwa njia na mahandaki na nyua, na mimi naona ni hasara kwa mtu kuipita mistari hiyo pasipo kuisoma.

Kabla ya yote palikuwa na njia za miguu. Wawindaji waitwao Wandorobo waliingia msituni kutafuta asali na nyama. Wakikuyu wa mashariki waliihesabu Nyandarua kuwa moja katika milima minne ambayo juu yake Ngai hutulia azurupo nchi, pamoja na Kirinyaga, Ngong na Kilimambogo, kama Jomo Kenyatta alivyoeleza katika kitabu chake cha mwaka 1938. Na Wamaasai walichunga mifugo yao katika nyanda za magharibi. Makabila hayo mawili makubwa yalipigana mara nyingi, wala hayakuacha kuuziana, na jambo la kustaajabisha ni kwamba biashara hiyo iliendeshwa na wanawake, ambao waliweza kwenda na kurudi hata katika siku ambazo waume zao walikuwa wakiwindana kwa mikuki.

Watu wa pwani nao hawakuwa wageni wa nchi hizo. Misafara ya Mombasa na Pangani ilikwisha kufika Naivasha na Baringo kutafuta pembe kabla Mzungu yeyote hajazifikia nchi hizo. Joseph Thomson, Mskochi kijana aliyetumwa na Shirika la Kifalme la Jiografia la London, alipotoka Mombasa mwaka 1883 kwenda Umaasaini, alikwenda na wapagazi wa Unguja, na sehemu kubwa ya njia aliifuata pamoja na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyeijua nchi ile kwa uzoefu wa miaka. Ikawa Thomson alipoiona safu ya milima upande wa mashariki wa Bonde la Ufa aliipa jina la Lord Aberdare, rais wa shirika lililomtuma, bwana ambaye hakupata kuikanyaga maisha yake yote. Jumbe Kimameta hakuachiwa hata kilima. Hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi ya zama zile, na siichukui kuwa ajabu. Ila nashangaa kuwa baada ya uhuru jina la hifadhi lilibaki lilelile, hali wilaya iliyo magharibi yake ilipewa jina la Nyandarua.

Masetla walipokuja waliitazama milima kwa macho ya watu wenye kutamani kwao. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai ya samaki trauti kutoka Uskochi, akayamwaga katika mto Gura ili waungwana wapate mahali pa kuvulia kwa ndoano, na samaki wale wakazaana hata leo wavuvi wapo. Uwanda wa magharibi ukagawanywa kuwa mashamba ya Wazungu. Upande wa Nyeri akatokea Eric Sherbrooke Walker, mtu mwenye vituko, ambaye kabla ya kuwa mwenye hoteli alikuwa mvushaji wa pombe ya magendo kwenda Marekani katika miaka ambayo pombe ilikuwa haramu huko. Huyu alifungua hoteli ya Outspan mjini Nyeri mwaka 1928, na mwaka 1932 akajenga kijumba juu ya mti wa mugumo msituni, akakiita Treetops, ili wageni wakae usiku wakiwatazama wanyama wajao kunywa maji na kulamba chumvi. Mgeni aliteremka garini, akatembea kwa miguu nyuma ya mwindaji mwenye bunduki, na juu ya miti ya kando palipigiliwa vipande vya ngazi, ili nyati au kifaru akitokea kila mtu ajue pa kukimbilia.

Sheria ya hifadhi za taifa ilitungwa Kenya mwaka 1945. Nairobi ikatangazwa mwaka 1946, Tsavo 1948, Mlima Kenya 1949, na Aberdare ikafuata mwaka 1950. Maana yake kwa mkaaji wa ukingoni ilikuwa nyepesi kufahamika: asichunge, asikate, asiwinde, asilale humo. Mgeni mwenye ada aliruhusiwa. Na usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952 alilala Treetops binti mfalme wa Uingereza, Elizabeth. Baba yake akafariki usiku uleule, naye akawa malkia pasipo kujua. Hadithi hiyo imesimuliwa hata imechakaa, na wengi huidhani kuwa ndiyo taarikhi nzima ya Nyandarua.

Taarikhi iliyo nzito zaidi ilianza miezi minane baadaye. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 kwa sababu ya harakati za kupinga utawala wa Kiingereza, na katika miezi iliyofuata maelfu ya vijana wa Kikuyu, na wanawake miongoni mwao, waliacha vijiji vyao wakapanda msituni chini ya viongozi kama Dedan Kimathi na Stanley Mathenge. Hifadhi iliyokuwa marufuku kwa wenyeji ikawa maskani yao. Serikali ikaifanya marufuku kwa njia nyingine: kuanzia mwaka 1953 msitu wa Nyandarua ulitangazwa kuwa eneo ambalo mtu akionekana humo hupigwa risasi bila kuulizwa. Askari wahandisi wa jeshi la Kiingereza wakaletwa na mashine zao, wakakata njia za magari kupenya miti na mianzi, ili wanajeshi na shehena zao wafike mahali ambapo hapo zamani palifikiwa na mguu wa mwindaji peke yake. Ndege zikaangusha mabomu juu ya miti kwa muda mrefu, na wenye kuijua vita hiyo wamekiri kuwa mabomu yale yaliwajeruhi wanyama wengi na kuwapata wapiganaji wachache. Januari 1955 Jenerali George Erskine wa jeshi la Kiingereza alitupa jeshi kubwa katika milima hii, kwa mashambulizi yaliyoitwa Nyundo, na matunda yake yakawa haba kwa kulinganishwa na gharama.

Wapiganaji walikuwa wameujua msitu kwa namna ambayo hifadhi haikuwahi kumfundisha mtu. Waliishi kwa nyama, asali na chakula kilichopenyezwa kutoka vijijini, walitembea usiku, walisikiliza ndege na kima ili wajue nani anakuja. Karari Njama, mwalimu wa shule aliyeingia msituni na kuwa mwandishi wa Kimathi, alieleza baadaye mambo ya maisha yale kwa kirefu, katika kitabu alichokitunga pamoja na Donald Barnett mwaka 1966, nacho kinastahili kusomwa na kila mtu anayekusudia kupita huko. Tarehe 27 Mei 1954 kile kijumba cha Treetops kilichomwa moto, kikateketea pamoja na mti wake.

Lakini kazi iliyoacha kovu kubwa kuliko zote haikufanywa na askari. Kando ya msitu, Nyandarua na Mlima Kenya, serikali ilichimbisha handaki refu na pana, lililopandwa ndani vijiti vilivyochongwa ncha, ili wapiganaji walio juu wasipate chakula kwa ndugu zao walio chini. Waliolichimba walikuwa ni watu wa vijiji vilevile, wengi wao wanawake, kwa kuwa wanaume walikuwa kizuizini au msituni. Walichimba kwa kulazimishwa, bila ujira, wakisimamiwa na walinzi wenye silaha. Mke alichimba shimo la kumtenga na mumewe. Sijui jambo la kulifananisha na hilo. Handaki likafanya kazi iliyokusudiwa; njaa ikawapunguza waliokuwa juu; na tarehe 21 Oktoba 1956 Kimathi alipigwa risasi ya mguu na kukamatwa kwenye ukingo wa msitu karibu na Nyeri, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mwaka huohuo wa 1957 Treetops ilifunguliwa upya, ng'ambo ya bwawa lilelile, ikiwa kubwa zaidi kuliko kwanza.

Baada ya uhuru masetla wa Kinangop walinunuliwa mashamba yao, na wakulima Waafrika wakakaa mahali pao, wakapanda viazi, kabichi na kufuga ng'ombe wa maziwa. Hili nalipita upesi, ingawa lina mengi. Idadi ya watu ikaongezeka pande zote, mashamba yakagusana na miti, na ugomvi mpya ukazuka: ndovu akishuka usiku hula kazi ya mwaka mzima ya mkulima, na mkulima akipanda mlimani mchana hukata mti au hutega mtego. Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 nao ukawafyeka vifaru.

Ndipo mwaka 1988 watu wachache wakaanzisha jumuiya iitwayo Rhino Ark, kwa nia ya kujenga uzio wa umeme. Fedha zilitafutwa kwa njia ya kuchekesha kidogo: karibu kila mwaka, tangu 1989, wenye magari yenye nguvu hushindana kuvuka pori kwa saa kumi, na ashindaye ni yule aliyefikia vituo vyote kwa mwendo mfupi kuliko wenzake, yaani aliyethubutu kupita makorongoni badala ya kuzunguka, na kila mshindani sharti achangishe. Kwa michango hiyo, na mkono wa serikali, uzio uliendelea kidogo kidogo kwa miaka ishirini, hata ukakamilika Agosti 2009, wenye urefu wa takriban kilomita 400, ukiizunguka hifadhi na msitu ulio nje yake. Msafiri huuona langoni, nyaya zake zikitambaa huku na huku. Aghalabu haambiwi kuwa mahali pengi mstari huo wa kuutenga msitu na watu ni wa pili, wala kuwa wazee waliokubali huu wa umeme, na kuulinda, ni watoto wa wale waliochimba ule wa kwanza. Tofauti ni kwamba mara hii waliulizwa, na mahindi yao yakasalimika.

Manufaa ya kuulinda mlima hayaishii kwa mwenye mahindi. Maji ya bwawa la Sasumua na ya Ndakaini, ambayo ndiyo huinywesha Nairobi, hutoka katika milima hii. Maji ya Gura na Chania ya Nyeri humiminika katika Tana, ambao baada ya mwendo wa takriban kilomita 1,000 huwapitia Wapokomo na mashamba yao, kisha huingia baharini karibu na Kipini. Mvuvi wa Kipini na mkulima wa Kinangop hawajuani, na mvua moja huwahusu wote wawili.

Kisha likaletwa shauri la kutia lami njia ya kuvuka mlima, kutoka Ihithe upande wa Nyeri hadi Ndunyu Njeru upande wa Nyandarua. Ihithe ni kijiji alikozaliwa Wangari Maathai, mtetezi wa miti aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004. Mwanzoni mwa 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitoa kibali chenye masharti. Watetezi wa msitu wakaenda mahakamani Nyeri, na mahakama ikaamuru kazi isimame kwanza. Wakulima wa Nyandarua wana hoja ya haki, kwa maana viazi huoza wakati lori likizunguka mlima, na si vema mtu wa mjini awadharau. Hata hivyo, lori la usiku na ndovu wa usiku hawawezi kugawana njia moja ya kasi, na uzio uliogharimu miaka ishirini utakuwa umepasuliwa katikati kwa hiari yetu wenyewe. Rai yangu ni kwamba zitengenezwe vizuri barabara za lami zizungukazo, ile ya kaskazini ipitayo Nyahururu na zile za kusini, na njia ya juu iachwe kuwa ya udongo na ya polepole.

Msomaji mwenye gari imara na akajaliwa nafasi, aende Januari au Februari wakati wa kiangazi, kwani masika tope humshinda hata mwenye magurudumu manne ya kuvuta. Achukue koti zito na chakula chake, aanze alfajiri, awe amefika Mutubio kabla lango halijafungwa jioni.